Maji ya Kompyuta

Jumatatu, 5 Oktoba 1998

Nimeanza kuandika. Mganga wa zahanati ameshauri niweke wasiwasi wangu kwenye karatasi badala ya kulala nao. Anasema tumbo langu halina ugonjwa, lina woga tu. Nilishtuka kwamba woga unaonekana kwa nje.

Niweke mambo wazi. Mimi ni karani wa kompyuta katika kiwanda cha ngozi hapa Ihumwa. Kidato cha sita, cheti cha kompyuta, mwandiko mzuri. Bado niko kwenye majaribio. Kiwanda kilikuwa cha serikali, kikafa, kikanunuliwa na Bwana Abdulswamadu, ambaye ukoo wake umefanya biashara ya ngozi mbichi hapa Dodoma tangu zama za babu zake. Wote tunamwita Tajiri. Wanunuzi wa Ulaya wamemwambia hawatagusa ngozi yake mpaka waone ushahidi kwamba maji machafu ya kiwanda hayamdhuru mtu. Ushahidi wa mkono hawautaki. Wanataka wa kompyuta.

Basi kompyuta ikaja. Ina chumba chake, pazia lake na zulia lake. Anayeingia anavua viatu. Hata Tajiri anavua. Waya mrefu unatoka chumbani, unapita nyuma ya jiko la chai, unapita kibanda cha mlinzi, unaishia kwenye bwawa la maji machafu. Mwisho wa waya kuna kipimo, kijiti cha chuma chenye kichwa kinene. Kipimo kinaonja maji, kompyuta inachora mistari miwili ya kijani: mmoja wa ukali wa chokaa tunayonyonyolea manyoya ya ngozi, mwingine wa joto. Kuna na mstari mwekundu. Ukali ukiupita huo mwekundu, ngozi haiuziki.

Fundi aliyeifunga alirudi Dar es Salaam juzi. Leo asubuhi nimewasha. Ukali umeupita mwekundu na bado unapanda, kama mbuzi aliyeona kichuguu. Nikazima. Nikawasha tena. Uko palepale.

Tajiri alisimama nyuma yangu na soksi zake, akaniuliza huo mlima ni wa nini. Nikasema bwawa ni chafu. Akashtuka. Akasema amelijua bwawa lile tangu enzi za serikali na halijawahi kuwa chafu. Uchafu umeanza leo, nilipobonyeza mimi. Nikamkumbusha kwa heshima kwamba huwa linanuka. Akasema harufu haitumwi kwa faksi, mwanangu, lakini huu mstari unatumwa.

Pampu ya kuchuja maji ilikufa mwezi Mei. Pesa ya pampu mpya ndiyo iliyonunua kompyuta. Hilo sikumkumbusha.

Jumanne ijayo anakuja mwakilishi wa wanunuzi, Bi. Lydia. Mstari usiposhuka, kompyuta itauzwa, na mimi, kwa maneno ya Tajiri mwenyewe, nitaondoka ndani ya boksi lake. Na baba amekwisha kutangaza kanisani kijijini kwamba mwanawe anaendesha kompyuta. Mchungaji ameniombea kwa jina, mbele ya watu. Sina mahali pa kurudi.


Jumanne, 6 Oktoba

Nimepata njia. Inanitisha jinsi ilivyo rahisi.

Kompyuta haijui bwawa. Haijawahi kuliona. Inajua tu kile kipimo kinachoonja. Kwa hiyo si lazima kusafisha bwawa zima. Inatosha kusafisha palipo na kipimo.

Asubuhi nilikuja na ndoo yangu ya kuogea kutoka Ipagala ninakoishi. Nikamsubiri Yotham, muuza maji wa mkokoteni, nikanunua dumu la maji baridi. Kisima cha kiwanda kina maji ya chumvi, yanafaa ngozi tu, na mabomba ya mji yamekauka tangu mwezi uliopita. Wafanyakazi walipokwenda kula, nikavuta kipimo kutoka bwawani, nikakisafisha, nikakizamisha ndooni. Ndoo nikaificha nyuma ya jiko la chai, kivulini, na gunia juu yake. Kwa haraka, nusu ya maji ya kusafishia niliyamwaga kwenye viatu.

Nikarudi chumbani. Mstari ukashuka. Ukashuka tena. Ukatulia mbali chini ya mwekundu.

Tajiri aliingia kuangalia, akabaki mdomo wazi. Kisha akaita watu wote, wakasimama ukutani miguu mitupu, akawaambia kijana huyu amesafisha bwawa bila kushika hata koleo. Hapo ndipo nilipaswa kusema kitu. Niliinama kwa unyenyekevu. Naona niliinama vizuri, maana walipiga makofi.

Yusra hakupiga. Yusra ndiye mpiga chapa wetu. Kabla ya kompyuta, yeye ndiye aliyekuwa roho ya ofisi. Sasa mashine yake ya chapa iko kwenye ukumbi, karibu na ndoo za mafagio, na chumba chake ndicho hiki changu. Akauliza, kwa sauti ya mtoto mdogo, kama bwawa ni safi mbona macho bado yanamwasha kwa harufu. Tajiri akamjibu kwamba hiyo harufu ni ya jana. Kompyuta ni ya leo.

Watu wakakubali. Nilishangaa. Hata mimi nilikaribia kukubali.

Yusra akiwa anavaa viatu akaniambia hongera, Bwana Kompyuta, na nguo zangu chafu nitakuletea uzisafishe kwa kubonyeza.


Jumatano, 7 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Saa nne kasoro, mstari wa joto ukaanza kupanda. Nikadhani ni jua. Ukazidi kupanda. Jua la Dodoma ni kali lakini halifiki huko. Ulipofika nyuzi tisini na saba, Tajiri akawa yuko nyuma yangu. Akaniuliza kwa kunong'ona kama anachokiona ndicho. Nikasema ndicho. Akatoka mbio, bila viatu, akipiga kelele kwamba bwawa linachemka, watu watoke.

Kiwanda kizima kikatoka. Wakasimama getini. Hakuna aliyekwenda kutazama bwawa. Yusra peke yake alipanda juu ya jiwe, akatazama, akatangaza kwamba kuna korongo amesimama katikati ya maji kwa mguu mmoja na hana habari. Tajiri akamwambia korongo hana kipimo.

Mimi nikakimbilia nyuma ya jiko. Gunia lipo chini. Ndoo hamna. Waya umekunjwa kona, umeingia dirishani jikoni.

Mama Restuta, mpishi wetu wa chai, alikuwa na furaha. Akaniambia karibu, mwanangu, leo Mungu kanikumbuka. Alikuwa hana maji ya chai, akaikuta ndoo imejaa, maji baridi kabisa, na ndani yake hita ya umeme. Akajua ofisi imemnunulia ile hita aliyoomba tangu Pasaka. Akasubiri yachemke. Hayakuchemka. Akaona hita haina nguvu, akaisaidia: akamimina maji yote kwenye sufuria, hita ikiwa ndani, akabandika kwenye mkaa. Majani, maziwa, tangawizi. Akasema sasa imeshika vizuri.

Kipimo kilikuwa bado ndani. Kimezama kwenye povu la maziwa.

Nilitaka kumwambia kilikuwa wapi mpaka jana. Kabla sijasema akamimina vikombe, akawapelekea watu wote pale getini, wapoze moyo. Wote wakanywa. Tajiri alikunywa viwili na akasifu. Kikombe changu aliniwekea mkononi na akasimama kuningoja. Nikanywa. Nilimwomba Mungu kimoyomoyo kwa kila funda.

Niliporudi kwenye kompyuta nilishtuka mara ya pili. Kwa upande wa ukali, chai ya Mama Restuta iko chini kabisa ya mstari mwekundu. Inakidhi viwango vya Ulaya.

Kwa Tajiri nilisema joto lile si la bwawa, ni la kompyuta yenyewe, imechoka. Akaniamini papo hapo. Kesho inaletewa feni. Mama Restuta, anayepika kwenye mkaa kutwa, ameuliza kama feni inaweza kugeuzwa kidogo kuelekea jikoni. Jibu ni hapana.


Alhamisi, 8 Oktoba

Kosa langu lilikuwa kuacha maji bila mlinzi. Msimu huu, ndoo ya maji baridi ikiachwa peke yake Ihumwa ni sawa na nyama ikiachwa mbele ya paka. Leo nimeiweka kwa mlinzi.

Mzee Rajabu ni mtu mwaminifu. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza kwamba haya ni maji ya kompyuta. Asiyatumie kupikia, asimpe mtu, asiyanywe. Akaniuliza kompyuta inakunywa? Nikasema inaonja. Akasema marahaba, mjukuu wangu, hakuna atakayeyagusa, na ataketi nayo kibandani mwake.

Mpaka saa sita mambo yalikuwa shwari. Kisha mstari ukakatika. Haukushuka wala kupanda. Ulitoweka, halafu ukarudi, umekwaruzana. Alasiri ukakatika tena, kwa muda mrefu zaidi. Jioni kompyuta ikaandika kwa Kiingereza kwamba hakuna kitu cha kupima.

Nikatoka mbio hadi kibandani. Mzee Rajabu alikuwa anakunja mkeka. Ndoo ilikuwa na maji ya kufunika kidole. Akanieleza kwa utulivu. Nilimkataza kupika, kugawa na kunywa. Kutawadha sikumkataza. Yeye alikumbuka vizuri, akapanga upya kila neno nililosema, na kutawadha halikuwamo. Tena amechota kidogo kidogo kwa kopo, kwa adabu, na kila mara alikitoa kijiti kwanza na kukilaza pembeni juu ya kitambaa safi.

Ni kweli sikumkataza.

Nikatumaini Tajiri hakuona. Alikuwa ameona. Nikamkuta ameketi kwenye kiti changu, anasoma yale maneno ya Kiingereza kwa kidole. Akaniuliza maana yake. Nikamwambia kwamba kompyuta haioni maji yoyote.

Nikafumba macho.

Akasema: ina maana limekauka.

Kutoka kwenye kiti kile, dirishani, bwawa linaonekana. Lilikuwa pale, jekundu kwa machweo, na korongo wake. Tajiri hakugeuza shingo.


Ijumaa, 9 Oktoba

Asubuhi niliweka maji mengine ndooni. Bwawa likarudi, kwa mujibu wa kompyuta. Tajiri alisikitika kidogo, maana alikwisha kuanza kupima mahali pa kujenga ghala juu yake.

Baada ya swala ya Ijumaa alirudi amefurahi sana. Alikwenda kuwaeleza watu mjini jinsi kiwanda chake kinavyosafisha maji kisasa, bila gharama. Wenye viwanda wenzake wamemshangaa. Kisha akanipa habari yenyewe. Ameiuza pampu.

Nikauliza pampu ipi. Nilijua ipi. Ipo moja tu.

Akasema ya nini, na kompyuta inasafisha. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuja na winchi, wakaing'oa na boliti zake. Niliwaona wakipita nayo dirishani. Mpaka sasa nilijifariji kwamba nadanganya kwa muda tu, mpaka itengenezwe. Sasa hakuna cha kutengenezwa. Bwawa lile halitasafika tena, na aliyelifanya lisisafike ni mimi na ndoo ya kuogea.

Nilikaa chini. Yusra alipita ukumbini, akaniangalia, akauliza kama kompyuta imenipima na mimi.

Nilikusudia kumwendea Tajiri na kusema yote. Nilifika hadi mlangoni kwake. Akaniita ndani mwenyewe, akaniambia Bi. Lydia akiridhika Jumanne, majaribio yangu yamekwisha, nimeajiriwa. Nikasema asante.

Nikarudi zangu. Halafu nikapata wazo. Banda la pampu sasa ni tupu. Liko hatua chache kutoka bwawani. Na lina kufuli.


Jumamosi, 10 Oktoba

Nimenunua pipa. Ndoo inamalizika, pipa halimaliziki. Limesimama pale pale ilipokuwa pampu, na kipimo kimo ndani yake. Watu wameniona nikiliingiza nikasema ni kifaa cha kompyuta. Kila siku nashangazwa na idadi ya vitu vinavyoweza kuwa vifaa vya kompyuta.

Yotham wa mkokoteni amepeleka maji asubuhi hadi jioni. Punda wake alikuwa hoi. Alitaka kujua kiwanda kinafanyia nini maji yote haya baridi, wakati kina kisima. Nikamwambia ni siri ya kazi. Akasema mteja ni mteja, ila leo nyumba za nyuma ya reli hazijapata hata dumu moja, na wanamama wamemtukania mpaka punda. Jumatatu nitamhitaji tena, maana pipa linavuja kidogo. Akakubali. Ninamlipa vizuri kuliko wao.

Kufuli nimelifunga. Kanuni za kiwanda zinataka funguo zote zilale kwa mlinzi, kwa hiyo ufunguo uko kwa Mzee Rajabu. Safari hii nimemkataza kupika, kunywa, kugawa, kutawadha, kufua, kuoga, kunywesha mifugo na kumwagilia. Nimemfanya arudie. Amerudia yote.

Nadhani sasa nimefunga kila mlango.


Jumatatu, 12 Oktoba

Mstari umenyooka kama meza. Kutwa nzima. Nimechapisha nakala ya rangi na kuibandika ukutani. Yotham alileta maji mapema, yote kwetu.

Yusra alikuja kuutazama ule mchoro kwa muda mrefu, mikono nyuma. Akasema bwawa hili ni la ajabu, halijui hata mchana na usiku. Nikauliza ana maana gani. Akasema hana maana yoyote, yeye ni mpiga chapa tu.


Jumanne, 13 Oktoba

Naandika nikiwa nimeketi kitandani, viatu bado miguuni. Kimoja ni changu.

Bi. Lydia alifika na gari kubwa lenye turubai nyuma. Mama wa makamo, mpole, miwani ya kamba. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa mara mbili. Tajiri akamkaribisha kiti, Mama Restuta akaleta chai, mimi nikawasha. Mstari ulikuwa chini, mzuri. Nikaanza kupumua.

Kisha akaomba kuona wiki nzima. Sikujua kwamba wiki nzima imehifadhiwa. Mimi, mwenye cheti. Akabonyeza mwenyewe, na kila kitu kikajitokeza, kuanzia Jumatano iliyopita.

Akagusa Jumatano kwa kalamu. Akauliza hapa bwawa lilichemka? Tajiri akasema siku hiyo jua lilikuwa kali mno. Bi. Lydia akaandika kitu. Akagusa Alhamisi. Akauliza mbona mstari unakatika saa sita na nusu, kisha alasiri, kisha jioni jua likizama. Kuna nini bwawani saa hizo?

Mimi nilikuwa natafuta jina la ugonjwa wowote wa kompyuta.

Sauti ikatoka mlangoni. Mzee Rajabu, amesimama nje ya zulia, kofia mkononi, amejaa nia njema. Akasema ni adhuhuri, alasiri na magharibi, mama.

Bi. Lydia akageuka. Akamwuliza bwawa linaswali? Mzee Rajabu akacheka sana, akasema hapana, mama, anayeswali ni yeye. Akaongeza kwamba amekuja kumwambia karani kuhusu wale wageni.

Nikauliza wageni gani. Hapo hapo mstari kwenye kompyuta ukaanza kukwaruzana. Ukaruka. Ukatoweka. Kompyuta ikaandika kwa Kiingereza kwamba hakuna kitu cha kupima, na nje nikasikia vicheko vya wanawake na milio ya madumu matupu.

Bi. Lydia alisimama, akaushika waya pale unapotoka ukutani, akaanza kuufuata. Tukamfuata sote. Viatu vilikuwa vimerundikana mlangoni, kila mtu akavaa kilichokuwa karibu. Tajiri alitoka na soksi juu ya kokoto za moto, anaruka ruka. Waya ukapita nyuma ya jiko. Ukapita kibandani. Haukuingia bwawani. Ukaingia mlango wa banda la pampu, uliokuwa wazi.

Nyumba zote za nyuma ya reli zilikuwa mle ndani. Foleni ilizunguka banda. Yotham hakuwapelekea maji tangu Jumamosi, wakamwuliza anayapeleka wapi, akawaambia ukweli. Basi wamefuata maji yao. Mbele ya foleni bibi mmoja wa Kigogo alikuwa anachota kwa kibuyu, akatuamkia Mbukwenyi bila kuacha kuchota. Kipimo alikuwa amekitundika kwenye msumari. Akanionyesha, akaniuliza kama hiki kijiti ni changu, maana kilikuwa kinamsumbua.

Mzee Rajabu akanieleza kwa sauti ya chini, ya kunihurumia. Nilimkataza yeye mambo yote yale. Wao ni wao. Tena walikuwa na watoto mgongoni, na yeye hajawahi maishani kumnyima mtu maji kwa sababu ya mashine.

Bi. Lydia akatazama pipa. Akatazama kipimo. Akatazama matundu ya boliti sakafuni. Kisha bwawa, pale nje, na korongo wake. Akamwuliza Tajiri pampu iko wapi.

Tajiri alifungua mdomo. Naapa nilimwona, kwa mara ya kwanza, akigeuka na kulitazama bwawa kwa macho yake. Alikunja pua. Akaniuliza mimi, kwa mshangao wa kweli kabisa: kumbe linanuka hivi?

Sasa lililonivunja. Bi. Lydia akatupeleka hadi kwenye gari lake, akainua turubai. Pampu. Mpya, ndani ya mbao zake, na makaratasi ya wanunuzi yamebandikwa. Akasema amezunguka nayo mikoani tangu Agosti. Wanunuzi wameitoa bure kwa kiwanda cha kwanza kitakachoonyesha mstari uliopita mwekundu, kwa sababu hicho ndicho chenye shida. Kila kiwanda alichofika, mstari uko chini. Hajapata kuona nchi yenye maji machafu yaliyo safi kama hii. Alisikia hapa Dodoma kuna kompyuta mpya, akaja na matumaini.

Tulisimama. Bibi wa Kigogo alipita na dumu kichwani akatuambia tumfungulie geti.

Tajiri akataka kunifukuza pale pale. Nilikwisha kukunja mabega. Bi. Lydia akamwuliza nani mwingine anajua kuwasha mashine. Hakuna. Yusra akasema anaweza kujifunza. Ikaamuliwa: nimfundishe Yusra mwezi mzima. Kipimo kirudi bwawani na kisiguswe. Bi. Lydia atarudi Novemba. Akikuta mstari umepita mwekundu, hata ukifika darini, pampu ni yetu na ngozi wanachukua. Akikuta chini, hatumwoni tena. Na mwisho wa mwezi Tajiri atachagua karani mmoja kati yangu na Yusra.

Akanishika bega alipokuwa anaondoka. Akasema kazi yangu ni rahisi kuliko kazi zote kiwandani: nisifanye kitu.

Kiatu kingine nadhani ni cha Mama Restuta.


Ijumaa, 16 Oktoba

Siku ya tatu ya kutofanya kitu.

Kipimo kiko bwawani. Mstari umepita mwekundu na umekaa huko juu, unaniangalia. Tajiri anakuja kila saa, anavua viatu, anautazama na kusema vizuri, vizuri sana, upande zaidi. Yusra anaimba. Ameshajua kuwasha, kuzima na kuchapisha. Jana alimwambia Tajiri, mbele yangu, kwamba uchafu tangu aanze yeye umeimarika.

Mimi sivumilii. Tangu darasa la kwanza nimefundishwa kwamba nyekundu ni kosa. Nikiuona mstari uko upande usiofaa tumbo linajikunja. Najua kwamba safari hii upande usiofaa ndio unaofaa. Bi. Lydia amesema. Nimeelewa. Lakini naamka asubuhi nikiwaza: na je, akibadili nia? Na je, akija mwingine asiyejua habari ya pampu? Atakuta uchafu, na atamkuta nani amekaa mbele yake?

Leo Yusra alitoka kutafuta viatu vyake, maana kuna mtu anaendelea kuvichanganya. Nilikuwa nafuta vumbi kwenye mausi ya kompyuta, kidole kikateleza, na nikaona jambo lililonisimamisha nywele. Mstari mwekundu unasogea. Ukiushika na kuvuta, unapanda. Fundi hakuniambia. Hakuna anayejua ila mimi.

Niliutazama muda mrefu. Kisha nikaupandisha. Kidogo tu, mpaka ukakaa juu ya ule wa kijani.

Sikugusa kipimo. Sikugusa maji. Bwawa ni lile lile, na kompyuta inasema kweli tupu, kila namba iko pale pale. Ila sasa liko ndani ya viwango. Sijui kwa nini nilihangaika na ndoo wiki nzima, jambo lenyewe linakamilika ukiwa umeketi.

Bi. Lydia akija Novemba atashangaa sana.

Tumbo limetulia. Leo nimekula vizuri.